Je, mwalimu wa fizikia alitudanganya?

Kuna lalamiko ambalo nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu waliosoma sayansi hadi chuo kikuu. Mtu anafika mwaka wa kwanza, anaketi ukumbini, na mhadhiri anaanza kwa kusema, "Yale mliyofundishwa shule ya upili, yasahauni." Elektroni hazizunguki kiini cha atomi kama sayari zinavyozunguka jua. Sheria za Newton si sahihi kabisa. Umeme haupiti ndani ya waya kama maji kwenye bomba. Basi mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza: kama haya yote si kweli, mbona nilikaririshwa miaka minne na kutahiniwa juu yake? Nilidanganywa?

Swali hili si geni. Mwaka 1999 mwandishi Terry Pratchett, mwanahisabati Ian Stewart na mwanabiolojia Jack Cohen walitoa kitabu kiitwacho The Science of Discworld. Humo walizungumzia uongo ambao huambiwa watoto katika elimu, yaani maelezo yasiyo sahihi ambayo hata hivyo humsogeza mtoto karibu na maelezo yaliyo bora. Kwao hilo halikuwa jambo la kulaumu. Waliona haliepukiki.

Mimi si mwalimu. Nilisomea sayansi ya kompyuta na kazi yangu ni kuandika programu. Lakini mtu wa programu huishi ndani ya mambo yaliyorahisishwa kutoka asubuhi hadi jioni, kwa hiyo nina maoni yangu. Maoni yenyewe ni haya: kurahisisha si kudanganya. Ila kuna mambo mengine yanayoingia darasani kwa jina la kurahisisha, na ukiyachunguza ni upotoshaji mtupu. Tumeyatia yote kapu moja. Wanaowatetea walimu hutetea hata yasiyofaa, na wanaolaumu hulaumu hata mambo ambayo bila hayo hakuna ambaye angejifunza fizikia. Hebu tuyatenganishe.

Kwanza tukubali kwamba ni lazima kurahisisha

Ukifungua kompyuta yako unaona folda, na ndani ya folda kuna faili. Kwa kweli ndani ya diski hakuna folda yoyote. Kuna vipande vya data vilivyotawanyika huku na huko, na orodha inayosema kipande gani ni cha nani. Aliyebuni picha ya folda hakukudanganya. Alikupa picha inayokuwezesha kufanya kazi yako, na ukiitumia kwa kazi hiyo haitakuangusha. Kama kila karani angelazimika kujua diski inavyopangwa ndipo aandike barua, barua hazingeandikwa.

Fizikia ni vivyo hivyo. Mtoto wa darasa la nne anaambiwa dunia ni duara kama mpira. Si kweli kabisa. Kipenyo cha dunia kwenye ikweta ni takribani kilomita 12,756, na kutoka ncha hadi ncha ni takribani kilomita 12,714. Imebonyea kidogo juu na chini. Lakini tofauti hiyo ni kama theluthi moja ya asilimia moja. Ukichora dunia kwa bikari kwenye daftari, unene wa mstari wa penseli unatosha kuificha. Yule mtoto hajapotoshwa. Amepewa jibu lililo karibu sana na ukweli, na siku akiambiwa kwamba dunia imebonyea, hatatupa alichojua. Ataongeza juu yake.

Chukua pia Newton. Sheria zake zilichapishwa mwaka 1687. Einstein akaja na nadharia zake mwaka 1905 na 1915, akaonyesha kwamba Newton hakufika mwisho wa jambo. Je, tuache kumfundisha Newton? Hebu tupige hesabu. Matatu inayokimbia kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya Nakuru, ukiikokotoa kwa Newton na kisha kwa Einstein, majibu yatafanana hadi uifikie tarakimu ya 15 hivi baada ya nukta. Hakuna kifaa ndani ya matatu kitakachoiona tofauti hiyo.

Lakini kuna mahali inaonekana, nami huitegemea kila ninapoandika programu ya ramani. Setilaiti za GPS huzunguka takribani kilomita 20,200 juu ya uso wa dunia. Kwa kuwa graviti huko ni dhaifu, saa zake huenda mbele ya saa zetu kwa mikrosekunde 45 hivi kila siku. Kwa kuwa zinakwenda kasi, hurudi nyuma kwa mikrosekunde 7 hivi. Inabaki tofauti ya mikrosekunde 38 kwa siku. Mwanga husafiri kama mita 300 katika mikrosekunde moja, kwa hiyo kosa hilo ni sawa na zaidi ya kilomita 11 za safari ya mwanga kwa siku moja tu. Bila marekebisho ya Einstein, simu yako isingejua kama uko Westlands au Athi River.

Kwa hiyo Newton yuko sahihi kwenye matatu na hatoshi kwenye saa ya setilaiti. Na jambo muhimu ni hili: ukizichukua hesabu za Einstein ukaweka mwendo mdogo na graviti dhaifu, zinakurudishia hesabu za Newton. Newton hakufutwa. Yumo ndani ya Einstein, amekaa chumba chake.

Kipimo cha kwanza: je, yanabaki salama ndani ya ukweli mkubwa zaidi?

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu cha kwanza. Ukitaka kujua kama maelezo ya shuleni yamerahisishwa au ni ya uongo, uliza: mwanafunzi huyu akiendelea kusoma, maelezo haya yatakuwa sehemu ya yale makubwa, au itabidi ayang'oe na kuyatupa?

Dunia kama duara, inapita. Newton, anapita. Katika mtihani, "chukua g kuwa 10", inapita vizuri sana. Kwenye ikweta thamani yake ni karibu 9.78 na kwenye ncha za dunia ni karibu 9.83, lakini neno "chukua" linamwambia mwanafunzi waziwazi kwamba hapa tumekadiria.

Sasa tazama bawa la ndege. Wengi wetu tulifundishwa hivi: upande wa juu wa bawa umejipinda, kwa hiyo njia ya juu ni ndefu kuliko ya chini. Hewa inayogawanyika mbele ya bawa lazima ikutane tena nyuma kwa wakati mmoja. Basi ile ya juu hulazimika kwenda kasi zaidi, mgandamizo wake unapungua, na ndege inainuliwa.

Maelezo haya ni matamu, na yana kasoro moja tu: hakuna sheria yoyote ya fizikia inayosema hewa ya juu na ya chini lazima zikutane. Na hazikutani. Ukipima, hewa inayopita juu hufika nyuma mapema kuliko ile ya chini. Mwaka 2003 Holger Babinsky wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika kuhusu jambo hili katika jarida la Physics Education, akaonyesha kwa picha za moshi unaopita juu na chini ya bawa. NASA nao wana ukurasa mzima unaowaeleza wanafunzi kwamba nadharia hiyo ni kosa.

Wala hauhitaji maabara ya Cambridge kulitilia shaka. Kila mtoto amewahi kukunja ndege ya karatasi. Bawa lake ni bapa, njia ya juu na ya chini ni sawa, na bado inaelea kutoka dirishani hadi uwanjani. Na ndege za maonyesho hupaa zikiwa zimepinduka juu chini. Kwa maelezo yale, zingepaswa kuvutwa kuelekea ardhini.

Kinachoniudhi hapa ni kwamba uongo huu haukuturahisishia chochote. Maelezo ya kweli na mepesi yapo: bawa huielekeza hewa chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Hiyo ni sheria ya tatu ya Newton, ambayo mwanafunzi tayari anayo. Bado kuna mengi ya kuongeza juu yake kuhusu mgandamizo na jinsi hewa inavyoambaa kwenye bawa, lakini hayo yataongezwa bila kung'oa kitu.

Mfano mwingine ni ule usemi kwamba "angani hakuna graviti", na ndiyo sababu wanaanga huelea. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400 juu yetu, na graviti huko ni karibu asilimia 90 ya ile iliyo hapa chini. Kama isingekuwapo, kituo chenyewe kingeenda zake moja kwa moja na kisingeonekana tena. Wanaanga huelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja, huku wakienda mbele kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hata kila wanapoanguka ardhi nayo inajikunja chini yao.

Hili linatuhusu sisi hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilirushwa siku yetu ya uhuru, iliitwa Uhuru. Na mwezi wa Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1 kutoka Marekani. Mwanafunzi anayeamini kwamba huko juu hakuna graviti hana njia yoyote ya kuelewa kwa nini Uhuru au Taifa-1 iliizunguka dunia. Hilo jambo dogo aliloambiwa limemfungia mlango wa jambo kubwa. Kwangu mimi huo ni upotoshaji, hata kama aliyeusema alikuwa na nia njema.

Na atomi je?

Utaniuliza kuhusu atomi, maana ndiyo inayolalamikiwa kuliko vyote. Ile picha ya elektroni zikizunguka kiini kwenye njia za duara inatokana na kazi ya Niels Bohr ya mwaka 1913. Kufikia mwaka 1926, Erwin Schrödinger alikuwa ametoa mlinganyo uliobadilisha mambo. Elektroni haina njia kama ya sayari. Tunachoweza kukokotoa ni uwezekano wa kuikuta mahali fulani.

Kwa kipimo changu, picha ya Bohr iko katikati. Sehemu yake moja inabaki: kwamba elektroni huwa na viwango maalumu vya nishati, na ikishuka kutoka kiwango kimoja hadi kingine hutoa mwanga wa rangi maalumu. Hilo ni kweli hadi leo, na bila hilo huwezi kueleza hata rangi ya taa za njano za barabarani zenye mvuke wa sodiamu. Sehemu ya pili, yale maduara, haibaki.

Basi tufanyeje? Mimi ningeichora vilevile, nikaandika mstari mmoja chini yake: "Mchoro huu unaonyesha viwango vya nishati, hauonyeshi njia ambazo elektroni hupita." Mwanafunzi wa kidato cha pili hatachanganyikiwa na sentensi hiyo. Ramani ya barabara za Nairobi haionyeshi milima na mabonde, na hakuna mtu aliyewahi kudai kwamba ramani ilimdanganya, kwa sababu juu yake imeandikwa kwamba ni ramani ya barabara.

Kipimo cha pili: je, mwanafunzi anaruhusiwa kuona kikomo?

Hapa ndipo kuna jambo zito zaidi, na kusema kweli ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kitabu cha fizikia husema maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Ni kweli Mombasa. Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Eldoret ni karibu 93. Kileleni mwa Mlima Kenya, mita 5,199, ni karibu 83. Sababu yake ni nyepesi: maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuushinda mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Ukipanda juu, hewa inapungua, na maji yanapata kazi ndogo. Nairobi mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani.

Nilisoma shule ya bweni huko nyanda za juu, jina lake tuliache. Siku moja tulifanya jaribio la kuchemsha maji na kuchora grafu ya halijoto kwa kila dakika. Kipimajoto cha kundi letu kilipanda hadi 93 kikakwama, na maji yalikuwa yakitokota. Kundi la jirani nalo likapata 93. Nyuma kabisa, 93. Mwalimu akasema vifaa vya maabara vimezeeka, kila mtu aandike 100. Mwenzangu wa dawati alikataa. Aliandika 93, kwa sababu ndicho alichokiona. Daftari lake lilirudi na alama ya kosa, ya wino mwekundu.

Fikiria kilichofundishwa siku hiyo. Haikuwa fizikia tena. Lilikuwa funzo kwamba kipimajoto na kitabu vikitofautiana, kitabu ndicho chenye haki, na kwamba matokeo ya jaribio hujulikana kabla ya jaribio. Vipimajoto vyote vya chumba kizima vilitoa nambari moja, na tukaambiwa vyote ni vibovu kwa namna ileile. Mpishi wa shule, ambaye labda hakusoma fizikia, alijua kwamba maharagwe ya huko hayaivi upesi. Jibu letu lilikuwa jikoni kwake.

Wala si jambo la maabara tu. Kituo cha CDC cha Marekani hushauri watu wachemshe maji ya kunywa kwa dakika 1 baada ya kutokota, na kwa walio juu ya futi 6,500, yaani takribani mita 2,000, dakika 3. Tofauti hiyo inatokana na haya haya tunayoyazungumzia. Sehemu kubwa ya nyanda zetu za juu iko juu ya mita 2,000. Mtu aliyefundishwa "nyuzi 100, basi" hana sababu ya kufikiri kwamba sufuria yake ya Eldoret haina joto sawa na sufuria ya Mombasa.

Katika kazi yangu, mtu anayebadilisha kumbukumbu za seva ili zifanane na alichotarajia ni mtu wa hatari kuliko asiyejua kitu. Asiyejua utamfundisha. Huyu mwingine atakuharibia ushahidi. Sasa, hapo shuleni tunamfundisha kijana wa miaka 15 afanye hivyo hasa, na tunampa alama akikubali.

Kwa hiyo kipimo changu cha pili ni hiki: mwanafunzi akikutana na jambo lisilolingana na maelezo aliyopewa, je, tunamwonyesha kwamba amefika kwenye kikomo cha maelezo hayo, au tunamwambia afumbe macho? Nyuzi 100 si uongo. Inageuka uongo pale tunapokataa kutaja sharti lake.

Asiyejua mipaka ni rahisi kulaghaiwa

Ukienda Nanyuki kwenye ule ubao wa ikweta, utaonyeshwa mchezo ambao watalii wanaupenda. Mtu anachukua bakuli lenye tundu, anatembea hatua chache upande wa kaskazini, na maji yanazunguka kulia. Anahamia kusini, yanazunguka kushoto. Katikati, yanashuka moja kwa moja. Watu wanapiga makofi na kutoa pesa.

Ubaya wa mchezo huu ni kwamba umejengwa juu ya jambo la kweli. Athari ya Coriolis ipo, na ndiyo inayofanya dhoruba kubwa za kaskazini na za kusini zizunguke kwa mielekeo tofauti. Lakini ina mipaka yake. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT aliionyesha athari hiyo kwenye maji kule Massachusetts. Alitumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, akaliacha litulie saa 24 kabla ya kuzibua tundu. Hapo ni mbali sana na ikweta. Ukisimama mita 10 kutoka kwenye mstari wa ikweta, athari hiyo ni ndogo mara zaidi ya laki sita kuliko ilivyo kwenye ncha ya dunia. Kinachoyazungusha maji ya Nanyuki ni jinsi mtu anavyoyamimina na anavyogeuka na bakuli lake.

Wengi wanaoamini mchezo ule ni watu waliosoma. Walifundishwa Coriolis, ila hawakufundishwa inafanya kazi kwa ukubwa gani na mahali gani. Walipewa nusu ya maarifa, na nusu hiyo ndiyo iliyotumiwa kuwalaghai.

Dawa tunayo tayari

Sasa nikisema mipaka ifundishwe, baadhi yenu mtadhani nataka kidato cha kwanza wafundishwe Einstein. La. Nataka sentensi moja moja, na ushahidi kwamba jambo hili linawezekana umo ndani ya mtaala wenyewe.

Kumbuka sheria ya Hooke, ya mwaka 1678. Springi hurefuka kulingana na nguvu inayoivuta, mradi haijavutwa kupita kikomo chake. Kumbuka sheria ya Ohm, ya mwaka 1827. Mkondo wa umeme hulingana na volteji, mradi halijoto na hali nyingine zisibadilike. Kila mwanafunzi wa fizikia wa Kenya ameyakariri maneno hayo ya "mradi". Ukiyaacha katika mtihani unapoteza alama. Hakuna aliyewahi kulia kwamba Hooke alimdanganya, na hakuna aliyechanganyikiwa. Wengi hata wameivuta springi ya maabara hadi ikakataa kurudi, wakakiona kikomo kwa macho yao.

Basi tuyape mambo mengine heshima ileile. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, mradi uko usawa wa bahari. Sheria za Newton ni sahihi, mradi mwendo ni mdogo sana ukilinganisha na wa mwanga. Maada ina hali tatu katika maisha ya kawaida, na ipo ya nne, plazima, ambayo umeiona kwenye radi. Umeme ni kama maji kwenye bomba, mradi hutauliza kinachotokea waya ukikatwa, maana bomba likikatwa maji humwagika na waya haumwagi kitu.

Mwaka 2002 Joel Spolsky, mtengenezaji wa programu, aliandika makala ambayo wenzangu wengi wanaijua. Hoja yake ni kwamba kila urahisishaji mkubwa ndani ya programu huvuja mahali fulani, na siku ukivuja, asiyejua kilicho chini yake hukwama. Jawabu la watu wa programu halikuwa kuacha kurahisisha. Jawabu ni kuandika maelezo: kitu hiki hufanya hivi, usikitumie kwa vile. Ukinipa maktaba ya msimbo isiyo na maelezo hayo, nitakulaumu wewe siku mfumo wa mteja wangu ukianguka.

Hoja za upande wa pili

Najua mwalimu atasema: nina wanafunzi 60 darasani, silabasi haijaisha, mtihani unakuja, wewe unaniletea habari za mipaka. Ni kweli, na simlaumu yeye peke yake. Mwongozo wa kusahihisha ukisema jibu ni 100 pekee, mwalimu atafundisha 100 pekee. Kwa hiyo lawama yangu kubwa naiweka kwa watunga vitabu na watunga mitihani. Sentensi ya "mradi" ikiwa kitabuni na ikiwa na alama yake, itafundishwa hata na mwalimu aliyechoka.

Kuna wanaosema mtoto ukimwambia sheria hii ina mipaka ataidharau, ataona sayansi ni mambo ya kubahatisha. Mimi naona kinyume. Kinachovunja imani ni kugundua mwenyewe, baada ya miaka minne, kwamba ulifichwa. Tumeshuhudia katika miaka hii watu wakikataa chanjo na kuamini kila video inayodai "wanasayansi wanatuficha". Mtu aliyeambiwa mapema kwamba kila maelezo yana mahali pake pa kufanya kazi hashtuki maelezo yakibadilika. Aliyekaririshwa kwamba kila kitu ni hakika, likibadilika moja anayatilia shaka yote.

Na kuna maelezo ambayo si uongo wala si rahisi, ni matupu. Mwanafizikia Richard Feynman alipokuwa akikagua vitabu vya shule huko California miaka ya 1960, alikuta kitabu kinachoonyesha kikaragosi cha kuchezea na kuuliza kinaendeshwa na nini, kisha jibu ni "nishati". Alilalamika kwamba jibu hilo halimfundishi mtoto chochote. Afadhali akifungue aone springi iliyo ndani, aulize ni nani aliyeikaza. Nakubaliana naye. Neno gumu lisilo na kitu ndani yake halina nafuu juu ya picha ya maduara ya Bohr.

Sasa mtaala mpya wa umilisi unapoingia shule za upili, tunaambiwa mwanafunzi atatenda na kuchunguza, si kukariri tu. Nitaamini siku mwanafunzi wa Nyahururu atakapoandika kwamba maji yake yalichemka kwenye nyuzi 92, akaeleza ni kwa nini, na akapewa alama zote.

Hayo ni yangu. Wewe msomaji, ni jambo gani la fizikia uliloambiwa shuleni na baadaye ukagundua sivyo lilivyo? Lipime kwa vipimo hivi viwili, uniambie kama lilikuwa limerahisishwa au ulipotoshwa. Na kama unaishi nyanda za juu na una kipimajoto, chemsha maji leo jioni, uandike nambari unayoiona.